Muyaka bin Haji al-Ghassaniy na Mji Wake wa Mvita

Ni nadra kumpata mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya ambaye hajalisikia jina la Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Hutajwa kila panapozuka mjadala kuhusu chimbuko la shairi la arudhi, kuhusu lahaja ya Kimvita, au kuhusu nafasi ya Mombasa katika historia ya ushairi. Aghalabu husemwa kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, kisha mhadhara ukaendelea na mengine. Kauli hiyo ina ukweli wake, ila imezoea kumtenga mtunzi na mji uliomlea. Soko alilolipelekea ushairi halikuwa soko lolote tu. Lilikuwa soko la Mvita, mji uliokuwa ukipigania uhuru wake kwa muda wa miaka mingi na mwishowe ukaupoteza. Muyaka aliushuhudia mvutano huo tangu mwanzo hadi mwisho, na haiwezekani kuyaelewa maisha yake bila kuuelewa.

Alizaliwa Mombasa takriban mwaka wa 1776. Nisba ya al-Ghassaniy inaashiria asili ya Uarabuni, lakini katika lugha, makazi na mapenzi yake Muyaka alikuwa Mswahili wa Mvita. Alizaliwa katika mji uliokwisha kuwa mkongwe. Masimulizi ya wenyeji yanauhusisha mwanzo wake na Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, kisha na Shehe Mvita, ambaye jina lake ndilo lililobaki katika mji na katika lahaja. Wareno walijenga ngome ya Fort Jesus mnamo 1593. Waarabu wa Omani waliitwaa mwaka wa 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Katika karne ya kumi na nane uliwali wa Mombasa uliingia mikononi mwa ukoo wa Mazrui, na utawala wa Omani ulipohamia kwa Mabusaidi, Wamazrui walikataa kuutambua. Tangu miaka ya 1740 Mombasa iliendesha mambo yake yenyewe, huku liwali akiwa Ngomeni na mji ukiwa chini ya Thenashara Taifa.

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndilo lililokuja kuamua hatima ya mji. Waswahili wa Mombasa walikuwa na makundi mawili makubwa. La kwanza lilikuwa Taifa Tatu, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. La pili lilikuwa Tisa Taifa, ambamo Wamvita walikuwemo pamoja na jamaa waliotoka Jomvu, Kilifi, Mtwapa, Pate, Faza na kwingineko. Kila kundi lilikuwa na mkuu wake aliyeitwa tamimu, na kila moja lilikuwa na marafiki wake bara miongoni mwa Wamijikenda, walioleta pembe za ndovu, sandarusi na nafaka, na ambao wakati wa vita walileta mishale. Liwali Mmazrui hakuweza kutawala kwa mizinga ya Ngome pekee. Alitawala kwa kuwaweka sawa watu hawa wote. Pindi mizani hiyo ilipoinama, hakuna ukuta wa mawe uliotosha kumlinda.

Kalenda ya mji iliendeshwa na pepo mbili. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Disemba hivi, iliyaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yakiwa na vitambaa, tende, vyungu na wageni. Kusi ilipogeuka iliyarudisha yakiwa yamesheheni pembe, ngozi, boriti za mikoko na nafaka. Yaliletwa na kuchukuliwa pia mashairi, kwa kuwa chombo kilichotoka Lamu au Pate hakikukosa mtu aliyebeba beti kichwani mwake. Si ajabu basi kwamba mtunzi wa Mombasa aliweza kutupa fumbo na kujibiwa kutoka mwendo wa siku kadhaa wa bahari. Kaskazi iyo hiyo ndiyo iliyokuja baadaye kuzileta manowari za Maskati.

Ushairi ulioandikwa kabla ya zama za Muyaka ulikuwa kwa kiasi kikubwa wa kidini. Ulitawaliwa na tenzi ndefu za vita vya Mtume na masahaba, na kasida na mawaidha yaliyotungwa na masharifu na mashekhe wa visiwa vya kaskazini, hasa Pate. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni mfano ulio bora zaidi wa hadhi ya ushairi huo. Mashairi mafupi ya kuimbwa ngomani na ya kujibizana yalikuwepo, ila mengi hayakuandikwa. Muyaka aliishika bahari hiyo fupi ya beti za mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane, na vina katikati na mwishoni. Hakuibuni. Alichofanya ni kuithibitisha kuwa inaweza kubeba lolote: vita, mahaba, njaa, urafiki uliovunjika, ugomvi wa mume na mke, fumbo la kuchekesha, na swali la kifalsafa kuhusu dunia isiyoaminika. Baada yake haikuwezekana tena kuiona bahari hiyo kuwa ya kupitishia wakati tu.

Vita vya kwanza vikubwa vya maisha yake vilikuwa vya Shela, mnamo 1812 au 1813, alipokuwa na umri wa kiasi cha miaka thelathini na sita. Liwali Ahmad bin Muhammad al-Mazrui aliungana na Pate kwa nia ya kuiweka Lamu chini ya Mombasa. Majeshi yalishuka Shela, kwenye mchanga ulio karibu na mji wa Lamu, na huko yalipata pigo ambalo Mombasa haikuwahi kupona. Walamu waliwasukuma maadui hadi ufukweni. Maji yalikuwa yametoka, vyombo vimekwama mchangani, na wengi waliuawa hapo hapo wakitafuta pa kupandia. Mifupa yao iliendelea kuonekana katika vichuguu vya mchanga wa Shela kwa miaka mingi baadaye.

Miongoni mwa viongozi wa Lamu wakati huo alikuwa Bwana Zahidi Mngumi, ambaye naye alikuwa mshairi. Kati yake na Muyaka yalipita majibizano ambayo ni miongoni mwa hazina za ushairi wa Kiswahili. Ingefaa kukumbuka kwamba majibizano hayo hayakuwa mchezo wa watu wawili wenye ufundi. Kila upande uliimba kwa niaba ya mji, na shairi lililoshindwa kujibiwa lilihesabiwa kuwa fedheha ya mji mzima. Mafumbo yalikuwa silaha. Jahazi, mamba, simba na kilindi cha maji vilisemwa, na kila msikilizaji alijua ni nani hasa anayekusudiwa. Katika baadhi ya beti zake mashuhuri Mombasa inasawiriwa kuwa mji wa siri, usiotajwa ovyo wala kuendewa kwa pupa. Kwamba beti za namna hiyo zilitungwa na mtu ambaye mji wake ulikuwa umeshindwa kunaeleza mengi kuhusu Muyaka. Alijua kushindwa, na alijua pia kwamba mji unaoacha kujisifu umekwisha kufa nusu.

Matokeo ya Shela yalikuwa mabaya kuliko idadi ya waliouawa. Kwa kuihofia Mombasa kulipiza kisasi, Walamu walimwomba Seyyid Said bin Sultan wa Omani awalinde, naye akawapelekea liwali na askari. Mabusaidi walikuwa tayari na Unguja kusini, na sasa walipata mguu kaskazini. Mombasa ikawa katikati.

Liwali Ahmad alifariki mwaka wa 1814 na nafasi yake ikashikwa na mwanawe Abdallah. Ilikuwa desturi kupeleka zawadi Maskati liwali mpya anapoingia, na yasimuliwa kwamba Abdallah alimpelekea Seyyid Said deraya ya chuma, baruti kidogo na kibaba cha kupimia. Mwenye akili alielewa. Huo ulikuwa ujumbe uliotungwa kwa vitu badala ya maneno, na mtu aliyezoea mashairi ya Mvita ya wakati ule hawezi kukosa kuutambua mtindo wake.

Kibaba kina uzito wa pekee katika habari hii. Kisiwa cha Mombasa hakikuweza kujilisha. Mpunga wake ulitoka Pemba, iliyokuwa chini ya Wamazrui, na baadhi ya wakuu wa Pemba, waliochoshwa na utawala huo, walikwenda Maskati kumwomba Seyyid Said awaondolee Wamazrui. Hili husahauliwa kwa urahisi na wanaouona upande wa Mombasa kuwa wa haki tupu: uhuru wa Mvita ulilimiwa na Wapemba, na mji wenyewe ulikuwa na watumwa wake. Kufikia 1823 Pemba ilikuwa imetwaliwa, na majaribio ya kuirejesha yalishindikana. Tangu hapo bei ya chakula Mombasa ilitegemea hisani ya bara na bahati ya bahari.

Wahakiki wengi huyagawa mashairi ya Muyaka mafungu mawili, ya siasa na ya nyumbani, kana kwamba yalitungwa na watu wawili. Katika fungu la pili wamo watu wasio na kitu, waume wanaosutwa na wake zao kwa ufukara, marafiki waliotoweka mali ilipotoweka, na nyumba ambazo kicheko kimehama. Si busara kuyasoma yote kama tawasifu ya Muyaka mwenyewe, kosa ambalo limefanywa mara kwa mara. Nafsi inayozungumza katika shairi si lazima iwe mtunzi. Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba chungu kitupu cha mashairi hayo hakina uhusiano na Pemba iliyopotea, na bandari iliyofungwa na manowari, na vijana walioitwa vitani msimu wa kupanda. Siasa ya Mombasa ilifika jikoni mapema kuliko ilivyofika barazani.

Wamazrui walitafuta mlinzi. Mnamo Februari 1824 nahodha Mwingereza, William Owen, alipotia nanga Mombasa alikuta bendera ya Uingereza imekwisha kupandishwa Ngomeni bila idhini ya mtu yeyote huko London. Owen, aliyechukia biashara ya watumwa, alikubali kuuweka mji chini ya himaya kwa sharti kwamba biashara hiyo ikomeshwe. Alimwacha luteni kijana aliyeitwa Reitz, ambaye alifariki kwa homa baada ya miezi michache na ambaye jina lake limebaki katika Port Reitz hadi leo. Serikali ya Uingereza haikuwa na haja ya kumkosanisha Seyyid Said, rafiki yake wa zamani, na mwaka wa 1826 himaya hiyo ikafutwa. Mvita ilibaki peke yake.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyomfanya Muyaka kuwa sauti ya mji. Liwali alikuwa Salim bin Ahmed, na Muyaka alikuwa mtu wa karibu na Wamazrui. Mnamo Januari 1828 Seyyid Said mwenyewe alifika na manowari, miongoni mwazo Liverpool yenye mizinga zaidi ya sabini. Baada ya mapigano palifikiwa mapatano: Said aweke kikosi chake Ngomeni, na Salim abaki kuwa liwali. Said akaenda zake Unguja, kisha Maskati. Nasir bin Suleiman, aliyekuwa akiitawala Pemba kwa niaba ya Said, alipokuja kudai uliwali, mji uliinuka. Wakazi waliizingira Ngome kwa miezi mingi. Askari waliokuwa ndani hawakushindwa kwa risasi bali kwa njaa, nao wakajisalimisha. Kibaba kilikuwa kimefanya kazi yake, safari hii kwa faida ya Mvita.

Seyyid Said alirudi na kaskazi ya 1829, akashindwa. Alirudi tena 1833, akashindwa tena. Ni katika misimu hiyo ambapo mashairi ya Muyaka yaliupa mji moyo, yakawatania wavamizi, yakawakumbusha vijana ahadi za wazee, na yakawasuta wenye kusitasita. Yaliimbwa na kukaririwa na watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Mtu anayeyasoma leo kwa herufi za Kirumi, yakiwa na maelezo chini ya ukurasa, hupata sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Hasikii mkarara ukipokewa na umati, wala haoni milingoti ya adui ikitokeza juu ya upeo wa bahari siku ile ile shairi lilipotoka.

Je, Muyaka alikuwa mshairi wa watawala? Swali hili limeulizwa, na halifai kupuuzwa. Aliwaunga mkono Wamazrui waziwazi, na hakuna dalili kwamba aliwahi kuyumba. Lakini utiifu wake ulielekezwa kwa mji kabla ya kuelekezwa kwa ukoo. Mwenye kutunga kwa ajili ya bwana pekee hatungi juu ya mke anayedai nguo, wala juu ya rafiki mnafiki, wala hatumii Kimvita cha barazani chenye utani na ukali wake wote. Mashairi yake yalibaki vinywani baada ya Wamazrui kuondoka, wakati ambapo hapakuwa na liwali wa kumlipa yeyote ayaimbe.

Ngome haikuvunjwa na mizinga. Salim bin Ahmed alifariki mwaka wa 1835, na ndugu wakaanza kugombania nafasi yake hadi Rashid bin Salim alipoishika. Ugomvi huo uliwagawa wafuasi, na ile mizani ya zamani baina ya Taifa Tatu na Tisa Taifa ikainama. Wakuu wa Kilindini, waliohisi kudharauliwa, walimwandikia Seyyid Said na kumwalika. Si haki kuwaita wasaliti bila ya kusikiliza hoja yao, kwa maana hata wao walikuwa wenye mji, na utawala wa Ngomeni haukuwahi kuwa mali ya ukoo mmoja kwa sheria yoyote. Said alifika mapema mwaka wa 1837. Safari hii hakuhitaji kupigana sana. Rashid alikubali kuiacha Ngome na kuishi mjini.

Mapatano hayo hayakudumu. Kabla ya mwaka kwisha, Seyyid Khalid, mwanawe Said, alikuja Mombasa na kuwaalika wakuu wa Kimazrui Ngomeni. Walioingia hawakutoka. Takribani watu ishirini na watano walikamatwa, wakatiwa chomboni na kupelekwa Bandar Abbas, Uajemi, ambako walifia. Waliobaki walitoroka usiku, wengine wakielekea Takaungu kaskazini na wengine Gasi kusini. Mombasa ikawa mji mmojawapo katika milki ya Unguja.

Muyaka alibaki Mvita. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka sitini, na watu aliowatungia walikuwa wamekufa, wamefungwa au wamehama. Alifariki takriban mwaka wa 1840, chini ya bendera aliyoipinga maisha yake yote. Upinzani dhidi ya Seyyid Said haukuishia hapo. Uliendelea Siu chini ya Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona, lakini hayo ni ya mji mwingine.

Mashairi yake yangeweza kupotea. Diwani yake ilikuwa vichwa vya watu, pamoja na karatasi chache za hati ya Kiarabu. Miaka arubaini hivi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa, aliyakusanya kutoka kwa wazee waliokuwa bado wakiyakumbuka, pamoja na habari za matukio yaliyosababisha kutungwa kwake. Alishirikiana na William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekuwa akikusanya methali na mashairi ya Kimvita, na ambaye aliyanakili na kuyatolea maelezo. Sifa nyingi zimemwendea Taylor, aliyekuwa na kalamu na njia ya kufika London. Bila ya Sikujua asingekuwa na la kuandika, kwani ndiye aliyejua ni shairi lipi la vita vipi, na ni fumbo gani lilimlenga nani. Sikujua alifariki mwaka wa 1890.

Karatasi za Taylor zilihifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha London. William Hichens alizitumia kuhariri Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, iliyochapishwa Johannesburg mwaka wa 1940, miaka mia moja hivi baada ya mtunzi kufariki, mbali sana na kisiwa chake. Ilichukua karibu miaka arubaini mingine kabla ya Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi kutoa uchunguzi wake mpana kuhusu Muyaka na zama zake, mwaka wa 1979, ukiwa na mashairi yenyewe, tafsiri na maelezo ya historia. Kufikia wakati huo Mombasa ilikuwa imekwisha kuwapata Ahmad Nassir na Abdilatif Abdalla, waliotunga kwa bahari ile ile na kwa lahaja ile ile. Fort Jesus, iliyofanywa gereza na serikali ya kikoloni kuanzia 1895 hadi 1958, ilikuwa sasa jumba la makumbusho, na wanafunzi walipita langoni mwake kwa foleni, wakiwa na madaftari mikononi.